Ng'ombe ni mahali?

Leo mwalimu wa mazoezi kafungua bango lake la manila darasani kwetu sekondari. Harufu ya wino mbichi ikanipanda puani, nikacheka peke yangu.

Nilikuwa shule ya msingi. Madamu wetu wa mazoezi alitoka Pwani na aliongea Kiswahili safi kama redio. Siku moja mkaguzi kutoka chuoni kwake, mzee wa hapahapa Tarime, alikaa dawati la nyuma kumpa alama. Madamu akifeli, anarudia mazoezi yote. Akafungua bango lake la manila.

"Haya watoto, nitajieni mahali."

"Ng'ombe!" akajibu mwenzangu wa dawati.

"Ng'ombe ni mahali?"

"Ndiyo, madamu! Na mbuzi! Dada yangu wamemtorea mpaka zizi rikajaa."

Darasa zima likamuunga mkono. Madamu akaangua kicheko. Akaandika ubaoni *mahali*, chini yake *mahari*, akaachama.

"Tazameni ulimi wangu."

Tukasogea kuuchungulia kama watu waliodondosha ndoo kisimani. Kumbe kwenye L ulimi unagusa nyuma ya meno na kutulia, kwenye R unatetemeka! Nani alijua?

Kipindi kilipoisha mzee akasimama, kalamu ya alama bado mkononi. "Mwarimu, somo rimeenda vizuri."

"Limeenda!" tukamrukia wote.

Madamu akafumba macho. Mzee akatukodolea macho, akaja mbele polepole, akainama. "Huo urimi mnauweka wapi?"

Tukampanulia midomo, darasa zima.