Chakula Changu Kwenye Kompyuta

Sikuipenda ile kompyuta tangu ilipoletwa kitandani kwa mama mkwe. Bwana lishe, kijana mpole anayesimamia chakula cha wagonjwa katika hospitali alikolazwa mama hapa Tunduma, alimpima uzito, akamzungushia utepe mkononi, kisha akamuuliza anakula nini. Mama mkwe akajibu kabla sijafungua mdomo: ugali, maharage, maziwa, parachichi, na vyote anamaliza. Kijana akaviingiza. Kompyuta ikaonyesha rangi nyekundu.

Akaniita kando. Kwa chakula kile, akasema, bibi asingekuwa anazidi kukonda kila akipimwa. Kuna jambo haliko sawa. Akaniuliza nani hasa anampakulia. Damu ilinichemka. Mpishi nilikuwa mimi, naye alijua. Kwetu Igamba, mama akikataa chakula cha mke wa mwanawe, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza amewekewa nini. Nikawaza, sasa hata mashine imejiunga na wambea.

Tangu hapo sikumwamini mtu. Nilishuku mizani, nikashuku wauguzi, nikamshuku hata mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja aliyetoka Msangano, ambaye ndugu zake walikuwa mbali lakini alizidi kunawiri. Mchana mmoja nikampa mama mkwe bakuli la makande, nikaaga kwamba naenda kuosha chupa ya chai, kisha nikajibanza nyuma ya mlango. Alitia kijiko kimoja mdomoni, akatafuna weee, akatemea kwenye leso. Bakuli lote likahamia kitanda cha pili.

Niliingia nikitaka kugomba, nikaishia kuketi kando ya kitanda chake. Nikamuuliza polepole kwa nini ananifanyia hivi.

"Hakishuki, mwanangu," akasema. "Kinakwama hapa kooni, toka wakati wa kuvuna kahawa. Ningekiacha, wangesema mkono wako una kitu."

Nililia palepale. Muda wote ule amekaa na njaa kwa ajili ya jina langu, na mimi nagombana na mizani.

Bwana lishe alipopita tena, walikuwepo majirani zetu wawili wa kanisani, wamekuja kumjulia hali. Mama mkwe akaanza vilevile: ugali, maharage. Nikamkatiza, kwa sauti ya kusikika wodi nzima.

"Futa hayo, bwana lishe. Mama chakula changu halagi. Andika hivyo."

Majirani wakatazamana. Mama mkwe akajifunika shuka hadi usoni. Kijana alifuta vyote, akauliza swali ambalo hakuwahi kuuliza: ni kitu gani kinashuka?

"Uji mwepesi," ikatoka sauti ndani ya shuka.

Akaenda kumwita daktari aje kuangalia koo. Majirani wakaondoka bila kuniaga. Nikakoroga uji, nikamfunua uso, nikaanza kumnywesha, na mbele ya macho ya wodi nzima akaumeza.