Tarehe ya Habari ya Mwisho

Bakubwa banapenda hesabu kwa sababu hesabu hailii. Chef Étienne, mutu wa Kasaï mwenye kutumwa Butembo kusimamia liste ya batu benye kutekwa ku territoire ya Beni, asubuhi moja akaomba Joyeuse, mwenye kulinda ile liste mu ordinateur, kompyuta ya kazi, amuhesabie mistari yenye masharti matatu: mwanaume, wa Mabalako, hakuna habari yake tangu miaka mbili. Bale batatolewa ku batekwa, bapelekwe ku liste ya bafu.

Joyeuse hakushituka. Moyo wake ulikufa ganzi zamani. Akaandika NB.SI.ENS, ile formule yenye kuhesabu tu musitari wenye kutimiza masharti yote pamoja. Moja ikikosa, inauruka. Mashine ikaleta makumi ine.

Ingepaswa kuleta makumi ine na moja. Mwenye kukosekana ni Lusenge, bwana yake, aliyekamatwa mu shamba la kakao mwaka wa 2022, na mpaka leo, kimya. Kila mwanzo wa mwezi Joyeuse anapanguza tarehe ya habari yake ya mwisho, anatia mupya, ndiyo maana formule inamuruka. Hakuna mutu alipiga simu. Anaandika tu, vile mutu anafagia kiwanja, kisha anaenda kunywa chai. Ni mubaya? Ndiyo, ni mubaya. Lakini wewe unayemucheka, bwana yako si alilala nyumbani jana?

Sasa, njia ya muongo ni fupi. Saa sita Mama Syauswa, mama mukwe wake, akaingia ku bureau, amevaa kikwembe, nguo yake ya misa. Mufanyakazi mumoja wa pale alimwambia ku kanisa kwamba liste inaonyesha Lusenge anatumaka habari kila mwezi. Alikuja kuuliza mwezi huu amesema nini.

Joyeuse akamueleza yote, sauti chini, macho makavu, sawa mutu anasoma tangazo. Kwamba ni yeye anaandikaka zile tarehe. Kwamba makumi ine banaenda kuitwa bafu leo, na Lusenge hamo.

Mama akauliza bale makumi ine ni batoto ba nani. Joyeuse akamusomea majina, moja moja. Karibu nusu mama alibajua, na mama zao pia. Bengine balilimaka pamoja na Lusenge.

"Mutie," mama akasema. "Benzake bote bako kule. Asibakie inje peke yake."

Hapo uchungu ukamukamata Joyeuse, wa kwanza tangu miaka mingi. Akaandika tarehe ya kweli, ile ya 2022, akahesabu upya. Makumi ine na moja.

Mama akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja ku magoti, akauliza kama kilio cha Lusenge batakaa kwake yeye ao kwa Joyeuse.