Kamati ya Jina la Mbwa

Mpaka leo nikipita mbele ya genge la Bi Mwanaidi navuta kanga usoni kama mtu anayekwepa vumbi, na sasa hivi ni masika, Kilosa nzima ni tope, kwa hiyo kila mtu anajua ninachokwepa siyo vumbi. Basi acheni niseme mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine mtaongezewa na chumvi: yule mbwa hakuwa wangu. Nilimwiba. (Wakati ule nilikuwa nasema "nimemwokota," lakini kitu ulichokirubuni kwa nyama ukakifungia zipu ndani ya begi, jamani, hicho hujakiokota.)

Mimi ni fundi cherehani. Mwezi wa kwanza nilipeleka sare za shule Mikumi, begi zima la shangazi kaja, nikazikabidhi, nikakaa stendi kusubiri gari la kurudi. Nikanunua hindi la kuchoma, nikamlalamikia muuzaji kwamba halina chumvi (mdomo wangu huo, mtauzoea), nikaenda kukaa mbali kidogo. Mara akanifuata mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, lingine limelala, akakaa miguuni kwangu utadhani tunajuana. Sasa naomba mnielewe. Neema wangu ameolewa Dodoma, nyumbani tumebaki mimi na cherehani, jioni naongea na redio na redio hainijibu. Nikamtupia kipande cha nyama nilichofungasha. Nikamtupia cha pili. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, na begi si lilikuwa tupu? Akaingia mwenyewe! (Haya, nilimsukuma kidogo.)

Kama ningenyamaza, pengine leo ningekuwa naye. Lakini nilipofika tu nyumbani, Bi Mwanaidi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akauliza nimempata wapi, na mimi nikasikia mdomo unasema, "Nimepewa na Mzungu mmoja mtalii, ametoka kuangalia tembo, kasema huyu ni mbegu adimu." Mbegu adimu! Mbwa ana kupe mpaka ndani ya masikio!

Jioni ile ile nikaandika kwenye grupu la wasapu la mtaa: "Majirani, naombeni jina zuri la mbwa wangu." Maneno saba. Ningemwita Simba, kama wanavyofanya watu wenye akili zao, yakaisha.

Asubuhi simu inakwama kwa meseji. Vijana wanagombana, wazee wanatoa mawaidha, mmoja kaandika "Amina," mwingine anauliza msiba uko wapi. Ndipo akaingia Mwalimu Madege, mwalimu mstaafu ambaye hawezi kuona watu watatu wamesimama pamoja bila kuwaundia kamati. Akaandika: "Ndugu wajumbe, suala hili lisiendeshwe kienyeji." Kufika mchana kamati ipo. Mwenyekiti yeye, katibu yupo, naibu katibu yupo, mwakilishi wa vijana yupo, na mimi mwenye mbwa nimewekwa mwalikwa asiye na kura. Pale kwetu kuna shimo barabarani lenye umri sawa na mjukuu wangu na halijawahi kupata kamati. Mbwa alipata, tena na kamati ndogo ya chakula.

Kikao cha kwanza, katekista akasema maji yasitumike kabisa kwenye shughuli, isije ikaonekana tunabatiza mbwa. Bi Mwanaidi akasema yeye atakuja kwa ujirani mwema, lakini mbwa akimlamba ni kazi ya kuosha mara saba na mchanga juu, kwa hiyo kiti chake kiwekwe karibu na mlango. Yote yakaandikwa kwenye muhtasari. Kikao cha pili ndiyo jina lenyewe. Vijana wanataka Jeki, wazee wanataka jina lenye maana, wakaleta Mshikamano, nusura washikane mashati kwa huo Mshikamano. Mwalimu Madege akasuluhisha: yote mawili yatumike, na kwa kuwa mbwa ni wa mbegu, na wenye mbegu wana ukoo, aongezewe "wa Pili." Likapita kwa makofi: Jeki Mshikamano wa Pili.

"Samahani Mwalimu," nikasema, "wa Kwanza yuko wapi?"

"Mama Neema," akanijibu bila kuinua macho kwenye karatasi, "wewe ni mwalikwa."

Kikao cha tatu wakatengeneza kadi ya mwaliko ya kutuma kwa simu, na katikati ya maua picha ya mbwa, amevaa tai niliyomshonea mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha sare. Nikasema jamani, picha ya nini, maandishi si yanatosha? Mwalimu akashangaa: kadi bila picha ya mhusika? Ikatoka grupu la mtaa, ikaenda la kwaya, ikaenda la waliosoma pamoja, nikaja kutumiwa na Neema kutoka Dodoma na swali chini yake: "Mama, uko salama?" Nikahesabu njia kutoka Dodoma hadi Mikumi nikaona kadi haishindwi kufika, na usingizi ukakata.

Maana nilikuwa nimeshampenda, nisiwafiche. Nikishona alikuwa analala chini ya cherehani na kidevu chake kimekaa juu ya mguu wangu, nikikanyaga pedali kinapanda na kushuka na yeye wala hafumbui jicho. Nikimwita Jeki, hata lile sikio lililosimama halitikisiki. Nikajiambia atazoea. Sikuwa naomba kingine kwa Mungu, abaki tu, na watu wasijue.

Jumamosi ikafika. Turubai, spika, pilau, keki yenye umbo la mfupa, na mgeni rasmi Mzee Kobelo, mstaafu wa reli, aliyesomewa risala kisha akaijibu kwa kutueleza maisha yake yote tangu stesheni ya Munisagara, dakika hamsini, mbwa hakumgusia. Mimi nazunguka na sahani. Nyuma kabisa kakaa mama mmoja mzee, mkoba mapajani, simjui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hongera, una shughuli nzuri."

Nikashukuru. Nikamwona anakula taratibu, kila mfupa anautia kwenye mfuko wa karatasi. Nikasema moyoni, wazee nao kwa kujibania! Nikapita.

Ikafika saa ya jina. Chidi, kijana wa spika aliyepewa kazi ya MC, amezoea harusi, basi akaropoka vilevile: "Kama kuna mwenye pingamizi aseme sasa, la sivyo anyamaze milele!" Watu kicheko. Mama mzee akanyoosha mkono.

"Mimi ninalo."

Kicheko kikazidi, wanadhani iko kwenye ratiba. Akasimama. "Naitwa Bi Tatu, nachoma mahindi stendi ya Mikumi. Huyu mbwa ni wangu, anaitwa Popi. Mpwa wangu kanionyesha kadi. Nimefika tangu asubuhi, ila nikaona siyo adabu kukatiza shughuli kabla watu hawajala."

Ingekuwa nyinyi mngezimia. Mimi nikasogea, nikashika maiki, nikasema, "Mama yangu, mbwa wanafanana. Huyu nimepewa na Mzungu."

Akanitazama kwa upole ambao mpaka leo unaniuma. "Mzungu gani mwanangu? Si wewe uliyekuwa na begi kubwa, ukasema hindi langu halina chumvi?"

Mtaa mzima ukanigeukia. Hata Chidi, na Chidi huwa anaangalia spika zake tu.

"Taratibu!" Mwalimu Madege akapaza sauti. "Kamati inakwenda kujadili." Wakaenda kujadili nyuma ya banda la kuku, kweli wakaenda, wakarudi na azimio: kila mdai amwite mbwa kwa jina. Mimi kwanza, kwa kuwa jina langu lina muhtasari.

"Jeki," nikaita. Mbwa anajikuna. "Jeki Mshikamano!" Anajikuna, tai imezungukia mgongoni.

"Malizia jina, mama," Chidi akaninong'oneza, "la sivyo hawatahesabu."

"Jeki Mshikamano wa Pili!" nikapiga kelele, spika ikalia wiii, mbwa akapiga mwayo.

Bi Tatu hakuinua hata sauti. "Popi."

Lahaula! Mbwa aliruka meza, keki ikaanguka kifudifudi, akapita juu ya miguu ya Bi Mwanaidi (kiti cha mlangoni, ndiyo njia aliyochagua!), Bi Mwanaidi yuko juu ya kiti anaita majina ya Mungu, na mbwa yuko mapajani kwa Bi Tatu analia kama mtoto aliyechelewa kufuatwa shule. Na Bi Tatu naye analia.

"Nimemwiba, mama," nikasema. "Nisamehe." Nilitaka kusema polepole, baina yetu, ila nilisahau maiki bado iko mdomoni. Wanasema mpaka stesheni walisikia.

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alifungua ule mfuko wa mifupa, akamlisha mmoja mmoja. "Tangu apotee nalala na panga mlangoni," akasema. "Kama ni upweke, mwanangu, ungekaa na sisi pale motoni. Mahindi yapo. Hata hayo yasiyo na chumvi." Kisha akamvua tai, akaikunja vizuri, akanirudishia mkononi, wakaondoka wawili kuwahi gari.

Wageni? Walibaki kumalizia pilau. Wiki iliyofuata kamati ilikaa kikao cha tathmini na muhtasari ninao, umeandikwa kwamba shughuli ilifana kwa kiasi kikubwa isipokuwa changamoto ndogo ya mbwa. Na kuhusu jina, Mwalimu Madege alisimama kidete: jina lililopitishwa na kikao halali halitenguliki, litafutiwe matumizi.

Likapata matumizi. Tangu siku ile mtaani hakuna Mama Neema. Nimeapa sitauliza tena kitu kwenye grupu, hata saa, na mnyama yeyote akinifuata nitauliza kwanza anaitwa nani na nyumbani kwao wapi. Lakini viapo haviondoi jina. Mbwa alikaa kwangu wiki tano nzima na hakuliitikia hata mara moja. Mimi juzi nilikuwa navuka barabara, Bi Mwanaidi akaniita kutoka gengeni, "Mama Mshikamano!", na kabla sijakumbuka kukasirika nikasikia mdomo wangu, huu huu, umeshaitika, "Abee!"