Lupu ya Vidole

Dada Nyaya alijulikana kwa mambo mawili: hakuna spika iliyowahi kumshinda, na ulimi wake haukuwa na breki. Alikuwa fundi mitambo wa bendi tangu enzi za kaseti, mwanamke peke yake katikati ya wanaume, na ole wake aliyegusa nyaya zake bila ruhusa. Lakini mchana ule, akiwa amepiga magoti jukwaani kwenye ukumbi mtupu, maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mdogo wake aliyemfuata, mpiga gita ambaye mashabiki walimbatiza Vidole, alikuwa amepata kiharusi. Alipona, ila mkono wa kushoto ulifanya kazi kwa muda mfupi tu, kisha vidole vikajikunja na kugoma. Kiongozi wa bendi alishasema bila kumung'unya maneno kwamba jukwaa si wodi. Kama Vidole asingemudu wimbo mzima siku hiyo, nafasi yake angepewa mwingine.

Ndipo Dada Nyaya alipoleta kisanduku chenye pedali. Ukikanyaga, kinanasa unachopiga. Ukikanyaga tena, kinakirudia na kukirudia mpaka ukizime. Lupu, wenyewe wanaiita. Vidole angepiga kipande kimoja kifupi, kisanduku kingeendelea nacho, naye angepumzisha mkono.

Jaribio la kwanza liliharibika. Kipande kilinaswa vizuri, lakini kwenye kiitikio bendi nzima ilitimua mbio na gita likaachwa nyuma. Wakarudia, yakawa yale yale. Kiongozi akanung'unika kwamba mashine yenyewe goigoi.

"Mashine haijachelewa," Dada Nyaya alisema. "Nyinyi ndio mnakimbia. Kila kiitikio mnaongeza mwendo kama mnafukuzwa, miaka nenda miaka rudi."

Iliwauma kwa sababu ilikuwa kweli. Ndivyo walivyozoea: kiitikio kikikaribia, mpiga ngoma hutazama bega la Vidole, bega likipanda huongeza mwendo, na ukumbi hupagawa. Bega lilikuwa bado linapanda hata mkono ukiwa umepumzika, na kisanduku hakina macho.

Dada Nyaya alimvisha mpiga ngoma hedifoni ili asikie lupu. Jamaa akazivua katikati ya wimbo, eti zinambana kichwa, na kila kitu kikavurugika tena. Vidole hakulalamika, ila dada yake aliona kidole cha pete kimeanza kujikunja. Makosa yalikuwa ya wengine, lakini ulioyalipia ni mkono ule. Alitamani kumzaba mpiga ngoma kibao.

Badala yake aliburuta spika ndogo hadi nyuma ya kiti cha mpiga ngoma, ikamwelekea mgongoni, lupu impige hata asipotaka kuisikia. Kisha akahamishia kiti cha mdogo wake nyuma kabisa, mahali ambapo bega lake halionekani. Akamwinamia.

"Mdogo wangu, mkono umebakiza nini?"

"Mara moja, dada. Labda."

Wakaanza ngoma na besi. Dada Nyaya akakanyaga pedali, Vidole akapiga. Kidole cha pete kilitetemeka kwenye noti ya mwisho, lakini noti ikatoka, na dada yake akakanyaga tena. Lupu ikashika. Kiitikio kilipofika, mpiga ngoma aligeuza shingo kutafuta bega, akalikosa, akabaki na mwendo ule ule. Wimbo ukafika mwisho bila kuyumba. Vidole alikaa mkono mapajani akijisikiliza, na dada yake akalia bila kujificha.

Kiongozi akaja akicheka kwa furaha, akawapa wote mkono. Akauliza kama kipande kile kinaweza kubaki humo humo, wakitumie kesho na siku zote. Basi Vidole akapumzike zake nyumbani, asijitese tena, maana gita lake tayari wanalo. Alisema kwa nia njema kabisa.

Vidole akainamisha kichwa. Yeye na dada yake walijua fika kwamba kisanduku kina kitufe cha kuhifadhi.

"Hakiweki kitu," Dada Nyaya alisema. Akaikanyaga pedali, akaishikilia kwa uzito wake wote mpaka taa ikazimika na kipande kikafutika. "Kila siku lazima aje apige mwenyewe."

Vidole alimtazama dada yake. Kisha akaanza kuukanda mkono wake, kidole kimoja kimoja, kwa ajili ya kesho.