Rafiki yangu wa redioni alinitumia sabuni, mume wangu akalala mahabusu

Wakuu, poleni na mihangaiko ya mchana.

Mimi humu ni msomaji tu. Nyuzi zenu nazipitiaga nikiwa kibarazani hapa Kamunyonge, Musoma, magoti yakiniuma. Leo nimekutana na uzi wa kijana anayelia kwamba rafiki yake wa online, yuko Oman huko, kam-block baada ya miaka mitatu ya kuchat. Mmemcheka sana. Mmemwambia urafiki wa kwenye simu siyo urafiki, atafute watu wa kuonana nao.

Mimi sikucheka.

Nimeona niwasimulie langu. Chumvi sitaongeza, kwanza hata daktari kanikataza.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati moja huko Bugwema. Ni ile miaka ya kukosa kila kitu. Ukisikia duka la ushirika limepata sukari unakimbia hata kama chungu kiko jikoni. Ambao hamkuwepo, muulizeni mama zenu.

Mume wangu, Mwalimu Masatu, alikuwa anafundisha shule ya msingi pale jirani. Tulikuwa na redio moja, urithi kutoka kwa baba yake. Shida ilikuwa betri. Tulikuwaga tunazianika juani kama mihogo. Zikipata moto redio inaongea nusu saa, inakata tena.

Kwetu huko redio ya nchi jirani ilikuwa inashika vizuri kuliko ya nyumbani. Jumamosi mchana walikuwa na kipindi cha salamu. Unaandika kadi, unataja unaowasalimia na ujumbe wako, mtangazaji anasoma. Hiyo ndo ilikuwa online yetu, wakuu. Kulikuwa na watu wana majina ya utani, wanajuana kuanzia Bujumbura mpaka Mombasa, na hawajawahi kuonana hata siku moja.

Na mimi nikatuma kadi. Nilijiita Muuguzi wa Bugwema.

Wiki chache baadaye mtangazaji akasoma kadi ya mama mmoja wa Migori, Kenya, Consolata, fundi cherehani. Alisema anamsalimu Muuguzi wa Bugwema, akataja na sanduku lake la posta. Nikaandika barua. Mpaka ulikuwa umefungwa miaka hiyo, barua zinazunguka huko zinakojua zenyewe. Mwezi na nusu, majibu haya hapa.

Alikuwa mjane. Anashona sare za wanafunzi. Kila barua alikuwa anabandika kipande cha kitambaa anachoshona mwezi huo, anaandika pembeni, "hii ni ya mtoto wa chifu, amenenepa, nimepanua mara mbili." Nilikuwa nacheka peke yangu zahanati mpaka wagonjwa wananishangaa.

Mwaka huo huo mimba yangu iliharibika, miezi sita. Kwetu jambo hilo watu hawaliongei. Mama mkwe alikuja akapika uji, akaondoka. Mwalimu alikuwa ananiangalia tu, hajui aseme nini. Consolata aliniandikia kurasa tano. Kumbe na yeye alipoteza wawili. Aliandika, "Dada, usikubali wakuambie sahau. Mpe jina, hata kama ni la moyoni."

Nikampa jina. Mpaka leo jina hilo tunalijua Consolata na mimi tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia urafiki wa mbali siyo urafiki, namwangaliaga tu.

Twende kwenye lenyewe.

Sabuni zilipotea kabisa. Yaani kabisa. Zahanati tunazalisha wanawake tunanawa kwa majivu. Nilimwandikia Consolata hilo, siyo kuomba, nilikuwa nimechoka tu nikaandika. Nilimwambia leo nimempokea mtoto kwa mikono ya majivu, mama yake kaniomba msamaha kwa kuja mikono mitupu.

Miezi ikapita. Nikapata mimba nyingine, nikajifungua salama, kijana wangu Majura huyo. Alipokuwa na miezi minne, akaja mama mmoja muuza samaki wakavu, kutoka upande wa Shirati. Kapu lake juu sato, chini gunia. Ndani ya gunia miche sita ya sabuni. Akasema, "Fundi wa Migori anakusalimu." Hakukaa hata kunywa maji.

Wakuu, nilinusa ile sabuni nikalia.

Miche minne nikapeleka zahanati, nikaikatakata vipande. Miwili ikabaki nyumbani. Nikaandika barua ya asante, ila sikuiposti haraka, maana wakati huo ndo msako wa walanguzi ulikuwa umeanza. Mtu akikutwa na bidhaa ya magendo anabebwa, yeye na bidhaa. Nikasema nisubiri hali itulie.

Consolata akaona kimya. Angejuaje mambo ya huku? Akafanya anachokijua. Akatuma kadi ya salamu redioni.

Jumamosi hiyo betri zetu zilikuwa zimekufa kabisa, hata jua halizisaidii. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua dagaa, mtoto mgongoni. Namwona Mzee Mafuru, balozi wetu wa nyumba kumi, anakuja na mgambo wawili.

"Mama mwalimu, leo umesikiliza redio?"

"Hapana mzee. Betri zimekufa."

Akakuna kichwa. "Umesalimiwa."

"Na nani?"

"Na Kenya."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanisomea ujumbe wote kutoka kichwani, maana aliusikia pale kwa katibu wa chama cha msingi, watu wamejaa: "Namsalimu dada yangu Muuguzi wa Bugwema. Ujumbe, zile sabuni miche sita kama zimefika nijulishe, usinawe majivu tena."



"Mwanangu," Mzee Mafuru akasema, "kijiji kizima kimesikia. Nisipokuja mimi watakuja wa Musoma, na wataniuliza nilikuwa wapi."

Mgambo wakaingia ndani. Miche miwili ilikuwa chini ya kitanda, hata kuficha sikuweza kuficha vizuri. Wakati wanatoka nayo, Mwalimu akawa anafika kutoka shamba la shule, jembe begani. Akaangalia sabuni. Akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto.

"Hizo ni zangu," akasema. "Nimezinunua mimi. Huyu hajui chochote."

Mzee Mafuru akanigeukia. "Ni kweli?"

Mimi nikanyamaza.

Wakuu, nimezalisha watu usiku na mchana miaka thelathini, nimeona mengi, lakini hakuna jambo limenichosha maishani kama ule ukimya. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikuwa na mtoto mgongoni, nikaangalia chini.

Wakampeleka Musoma. Alikaa mahabusu wiki tano. Nilikuwa nasafiri kumpelekea ugali, siku nyingine wananiruhusu, siku nyingine narudi nao. Alipotoka alikuwa amekonda, ana kikohozi. Kesi haikufika popote, ila walimhamisha shule, wakampeleka huko upande wa Butiama, mwalimu wa kawaida, wakati alikuwa karibu kupewa ukuu. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepata nafuu.

Sasa ile hasira niliyotakiwa kujipiga nayo mwenyewe, mimi nikamtupia Consolata. Nilichoma barua zake zote jikoni, na vile vipande vya vitambaa. Nikamwandikia mistari miwili: "Umeniulia nyumba yangu. Usiniandikie tena wala usinitaje."

Ndo ku-block kwenyewe huko. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tunanunua stempu.

Redio nikamwambia Mwalimu auze. Akauza.

Miaka ikaenda. Mambo yakaanza kufunguka, mnajua wenyewe. Mitumba ikaja, maduka yakajaa. Vitu walivyofungiwa watu vikawa vinapangwa chini kwenye turubai, unachagua rangi. Siku moja nimeenda Bunda kwenye semina ya chanjo, mchana nikapita sokoni. Naona kibanda kimejaa sabuni, miche imepangwa kama matofali, zile zile za Kenya. Muuzaji ni Mzee Mafuru.

Tukaangaliana.

Nilitaka kupita. Akaniita, akatoa kigoda, akanipa soda. Tukaongelea watoto. Halafu akasema, hata sikumuuliza:

"Mwanangu, yule mama wa Kenya alikusalimu muda mrefu sana."

"Yupi?"

"Yule yule. Nyie mkiwa mmeshahama, sisi tukawa tunamsikia. Hakutaja tena jina lako wala kijiji. Alikuwa anasema, namsalimu dada yangu aliyenikataza nisimtaje, kama yuko hai. Basi. Jumamosi baada ya Jumamosi. Ukipita mwezi tunasema amechoka, halafu huyo tena."

"Mbona hamkuniambia?"

Akapangusa mche wa sabuni ambao wala haukuwa na vumbi. "Tungekuambiaje? Sisi ndo tuliokuja kwako na mgambo."

Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Nilimaliza soda yangu nikarudi semina, sijui hata walifundisha nini.

Nilimwandikia Consolata kwa anwani ile ile. Barua nilianza mara sita. Niliyoituma ilikuwa fupi, nikamweleza ukweli wote, na ule ukimya wangu. Nikasubiri nikiwa sina tumaini. Majibu yakaja baada ya wiki tatu, mpaka ulikuwa umefunguka siku nyingi. Hakunihubiria. Aliandika tu kwamba hakujua kama ile barua niliiandika mwenyewe au nililazimishwa na askari, kwa hiyo aliamua kuendelea kusalimu mpaka ajue.

Tukapanga kuonana Sirari, pale mpakani. Mwalimu akasema na yeye anakuja. Nikamwambia siyo lazima. Akasema, "Nataka kumuona."

Kichwani kwangu Consolata alikuwa mwanamke mrefu, sauti nene. Akaja kamama kafupi, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Tukaingia kwenye hoteli ya chai. Salamu zikaisha, chai ikaletwa.

Yeye ndo alianza. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Mwalimu.

"Mwalimu, mimi ndiye nilikufungisha."

"Hapana mama," Mwalimu akasema. "Walionifunga walikuwa na funguo. Wewe ulikuwa na sabuni tu. Ahsante kwa sabuni."

Consolata akavua miwani akafuta macho kwa kanga. Na mimi nikasema kwa sauti, mbele yao wote wawili, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia mume wangu: "Mimi ndo nilinyamaza. Mzee aliniuliza, nikanyamaza."

Mwalimu akakohoa kile kikohozi chake. Akasogeza kikombe karibu yangu.

"Kunywa chai, inapoa."

Basi. Hayo ndo yalikuwa maongezi yetu ya miaka yote ile.

Nisiwadanganye, baada ya saa moja hatukuwa na la kuongea. Kiswahili chake na changu vilikuwa vinapishana, kwenye barua havikuwa hivyo. Tulizunguka sokoni, akaninunulia sufuria, nikamnunulia dagaa, tukaagana kila mtu na basi lake. Njiani nilikuwa nimechoka kama nimetoka kulima. Nikajua sisi ni marafiki wa kuandikiana, siyo wa kukaa meza moja. Na hiyo haipunguzi kitu.

Mwalimu alifariki miaka kadhaa iliyopita, kifua. Consolata hakuweza kuja msibani, miguu yake imekataa. Alinitumia voice note ya dakika kumi na moja. Dakika kama nne hivi hasemi kitu, unasikia tu cherehani ya mjukuu wake nyuma.

Siku hizi tuko WhatsApp. Kila asubuhi saa kumi na mbili ananitumia picha ya maua na maombi, mwisho imeandikwa tuma kwa watu kumi usivunje mnyororo. Kila asubuhi! Simu inajaa, mjukuu wangu ananiambia bibi m-mute huyo. Nimechoka jamani, nakiri.

Lakini kila ua nalijibu. Kwa mkono, herufi moja moja, na macho haya.

Nilichojifunza kwa upande wangu: shida ya rafiki yako usiipeleke hadharani hata kama nia ni njema, hujui nani anasikiliza upande wake. Na kabla hujamkata mtu, jiulize kama kweli hasira ni yake au ni yako mwenyewe. Mimi ilinichukua karibu miaka kumi kujua, na katikati hapo mmoja wetu angeweza kufa.

Kijana wa Oman, kama unasoma hapa, rafiki yako huenda ana jambo limempata huko ambalo hujui. Mpe muda. Ukiweza msalimie bila kumtaja.

Mliowahi kuwa na marafiki wa salamu au wa barua miaka ile, tupieni hapa mlivyoishia nao. Wa kunicheka pia karibuni, ila andikeni herufi kubwa kubwa, miwani yangu ni ya zamani.