Vyeti Vilivyokataliwa Kiwangwa

Nilikuwa fundi pekee wa kompyuta katika maabara ndogo ya vipimo pale Dunda. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha majibu ya wagonjwa yanatoka kwenye seva yetu na kufika kwenye seva ya zahanati moja ya Kiwangwa. Seva hizo mbili kwanza huonyeshana vyeti vya kidijitali vya utambulisho, kila moja ikimhakiki mwenzake, ndipo majibu hupita yamefumbwa, asiyehusika asiweze kuyasoma.

Jumatatu ile mawasiliano yakagoma. Seva yetu iliniambia tu kwamba upande wa pili umekikataa cheti chetu. Nikatengeneza kipya, nacho kikakataliwa. Nikabadilisha mipangilio mpaka nikasahau nilianzia wapi. Jumanne bosi wangu akanishauri niondoe kinga, majibu yaende wazi, angalau wagonjwa wahudumiwe. Nilimwambia mle mna majibu ya Ukimwi yenye majina ya watu. Akarudi ofisini kwake. Sikuwa na uhakika kama nimefanya sawa, maana muuguzi wa Kiwangwa alikuwa akinipigia kila baada ya saa moja, na sikuwa na jipya la kumwambia.

Jumatano asubuhi nikaenda Kiwangwa mwenyewe, macho yananiuma kwa kukosa usingizi. Muuguzi, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yangu akaniongoza hadi stoo ya dawa, ilipokuwa seva yao. Nilipowasha skrini nikaiona tarehe: ilikuwa nyuma miaka minne. Umeme ulikatika Jumapili, na betri ndogo inayotunza saa ya mashine ilikuwa imekufa. Kwa mashine ile, cheti changu kilikuwa cha siku ambazo hazijafika, ndiyo maana ikakikataa.

Nikamweleza.

"Tangu juzi karatasi tunazochapisha hapa zinatoka na tarehe ya zamani," akasema. "Umeniuliza mambo mengi kwenye simu, mwanangu. Tarehe hukuniuliza."

Nikarekebisha saa, majibu yakaanza kuingia. Akayapitia moja moja, akakwama kwenye la mama mjamzito aliyechoka kusubiri akarudi kwao Vigwaza. Figo zake hazikuwa sawa. Akampigia mara mbili bila kupokelewa. Mara ya tatu mume wa yule mama akapokea, muuguzi akamwambia amwahishe mkewe hospitali sasa hivi, asingoje gari la mchana.

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya maboksi ya dawa, nasikiliza.