Sauti Iliyopigwa Lakiri

Kaka yangu ni fundi wa vipaza sauti, na mtaa mzima ulimwita Shusha. Kanisa letu na msikiti vinatazamana, katikati barabara tu, na mashine za pande zote mbili alizifunga yeye. Ukitokea msiba kwetu, alivuka, akavua viatu, akapunguza sauti ya msikiti bila kumwomba mtu ruhusa. Msiba ukiwa wao, alipunguza ya kanisa. Wala hakuna aliyewahi kulikalia kikao jambo hilo.

Mama alipozidiwa alimwambia, "Siku yangu, mwanangu, usisahau kuvuka."

"Mama nawe. Nitasahau vipi?"

Uchaguzi ukakaribia. Mheshimiwa mbunge wetu akaupelekea msikiti vipaza vikubwa, kisha akatuletea sisi vikubwa zaidi. Vijana waliokuwa wakicheza mpira pamoja wakaanza kushindana kwa kelele, mwishowe wakashikana mashati. Ndipo mheshimiwa yuleyule akarudi na askari, uso umejaa huruma, kutupatanisha. Mashine zote zikawekwa sauti ya kiwango kimoja, swichi za kuongeza na kupunguza sauti zikapigwa lakiri ya serikali. Atakayegusa, ndani. Haki sawa, alisema, nasi tukapiga makofi kama wajinga.

Mama tulimzika Ijumaa. Mchungaji alipofungua kinywa, hotuba ya msikitini ilikuwa imeshika kasi. Kaka akainuka, akavuka, nami nyuma yake. Shehe alimwachia naibu wake mimbari, akatukuta mlangoni, kaka ameshavua viatu.

"Fundi, pole sana. Alikuwa mama yetu sote. Lakini lakiri ile nikiigusa, wananifunga."

"Basi zima kabisa, shehe. Kidogo tu."

"Nikizima, vijana wangu watasema kanisa limetunyamazisha. Zamani wangeelewa ni msiba. Sasa hivi hawaelewi, na mimi nimechoka kuwaeleza."

Kaka alivaa viatu vyake taratibu, tukarudi. Nilimwonea uchungu hata nikashindwa kumtazama.

Kanisani watu walilalamika hawasikii, kwa hiyo kijana mmoja wa kwaya akawasha mashine yetu. Sauti mbili zikalingana sawasawa, kama serikali ilivyopanga. Mchungaji alikuwa anasoma maisha ya mama. Niliona midomo yake ikitikisika. Kaka alikaa kiti cha nyuma, mikono mapajani, na mama akatolewa nje bila hata mmoja wetu kusikia jina lake likitajwa.